Mkono Ukivunjika Karibu na Bega

Kijitabu cha kaya, Dakawa, Wilaya ya Mvomero

Bibi ameteleza kwenye tuta la jaruba akajikinga kwa mkono. Kijana ameanguka na bodaboda kwenye barabara ya Morogoro–Dodoma. Wote wawili wanaweza kuvunjika mahali pamoja: mfupa wa juu wa mkono, pale unapoingia begani. Kwa kijana, mfupa huu huvunjika kwa kishindo kikubwa. Kwa mzee ambaye mifupa imepungua nguvu, kuanguka kidogo tu kunatosha.

DALILI
Maumivu makali, bega kuvimba, mkono kushindwa kuinuka. Baada ya siku chache weusi unaweza kushuka hadi kwenye kiwiko na kifuani. Hiyo ni damu iliyovuja ndani; mkono hauozi.

FANYENI HAYA NYUMBANI
• Kunjeni kiwiko, ning'inizeni mkono kwa kanga shingoni, kisha fungeni kanga ya pili kuuzunguka mwili.
• Mvueni pete na bangili kabla vidole havijavimba.
• Msichue, msivute, msijaribu kurudisha bega. Ncha ya mfupa inaweza kujeruhi mishipa ya damu au ya fahamu.
• Msafirisheni kwa gari akiwa ameketi, si kwa bodaboda.

Vidole vikiwa baridi au vyeupe, ganzi ikishika mkono au upande wa nje wa bega, au mfupa ukitoboa ngozi, msisubiri kesho.

WAPI PA KWENDA
Anzeni zahanati au kituo cha afya. Pasipo na eksirei, ombeni rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro. Mivunjiko migumu inaweza kupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Hata familia inayomwamini mganga wa mifupa, eksirei itangulie.

JE, LAZIMA APASULIWE?
Hapana. Kwa wagonjwa wengi vipande vya mfupa havisogei sana, na kuuning'iniza mkono kunatosha. Msishangae akirudi bila hogo. Mahali hapa kwa kawaida haliwekwi. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2015 uliwafuatilia watu wazima 250 ambao mfupa ulikuwa umesogea. Baada ya miaka 2, waliopasuliwa hawakuwa na nafuu kubwa kuliko wasiopasuliwa.

Daktari bingwa hufikiria upasuaji pale vipande vilipoachana sana, kichwa cha mfupa kilipopasuka au kutoka kwenye kiungo, mshipa wa damu ulipojeruhiwa, au kukiwa na kidonda kinachofika kwenye mfupa. Kwa watoto upasuaji ni nadra, kwa kuwa mfupa unaokua hujinyoosha.

Upasuaji wenyewe mara nyingi ni wa aina tatu: bamba la chuma na skrubu, chuma kirefu ndani ya uvungu wa mfupa, au kiungo bandia, hasa kwa mzee ambaye kichwa cha mfupa kimesagika.

Kabla ya kutia sahihi, ulizeni: Asipopasuliwa itakuwaje? Kuna hatari gani? Gharama ni kiasi gani, na bima inalipa nini? Mwambieni daktari kuhusu kisukari, shinikizo la damu, sigara na dawa anazotumia.

MAZOEZI NI NUSU YA TIBA
Apasuliwe au asipasuliwe, bega lisilosogezwa hukakamaa. Vidole, kifundo na kiwiko vianze kuchezeshwa mapema. Daktari akiruhusu, mara nyingi ndani ya wiki 3 za mwanzo, mgonjwa ainame na kuuacha mkono uyumbe taratibu kama ndoo kisimani. Mfupa huunga kwa wiki 6 hadi 12. Nguvu zinaweza kuchukua mwaka. Usiku alale ameegemea mito. Kwapa lioshwe na kukaushwa.

Gawaneni kazi zake: nani atachota maji, nani atashika jembe, nani atamsindikiza kliniki. Asibebe mzigo mpaka daktari aone eksirei na kuruhusu.

RUDINI HOSPITALI HARAKA
Akipata homa, kidonda kikitoa usaha, maumivu yakizidi badala ya kupungua, au ganzi mpya ikiingia mkononi.