Lenzi ya kuvuta mbali: ipi inakufaa?

Kamera za DSLR zimejaa sokoni siku hizi, nyingi zikiwa zimetumika, na bei zake zimeshuka. Mwenye nayo akishaizoea ile lenzi ya 18-55mm iliyokuja na kamera, hamu ya kwanza ni kuvuta vya mbali. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu mnunuzi hutazama namba ya milimita na kusahau mwanga. Haya ni maswali yanayoulizwa sana, na majibu yangu.

Nina Canon. Muuzaji ananisihi nichukue 75-300mm, ni rahisi na inavuta sana. Nichukue?

Hapana. Toleo la 75-300mm linalouzwa kwa wingi, lile la III, halina mtambo wa kutuliza mtikisiko. Lenzi inavyovuta ndivyo inavyokuza pia mtetemo wa mkono wako. Wapiga picha wana kanuni ya zamani: kwa lenzi ya milimita 300, kasi ya shata isiwe chini ya 1/300 ya sekunde. Kamera nyingi za Canon za bei ya kati zina sensa ndogo, kwa hiyo zidisha kwa 1.6, utafika karibu na 1/500. Saa sita mchana utaipata kasi hiyo. Jua likielekea kuzama, ambapo rangi ndiyo kwanza inapendeza, hutaipata, na picha zitatoka zimetikisika.

Tafuta EF-S 55-250mm IS STM, iliyotoka mwaka 2013. Ina uzito wa gramu 375 tu, inafokasi kimya, ina mtambo wa kutuliza, na picha zake ni kali hata ukiivuta hadi mwisho. Zile milimita 50 ulizoziacha hutazililia.

Napiga picha za harusi. Kwa nini 70-200mm ya f/2.8 ni ghali kuliko 70-300mm, na inavuta kidogo?

Kwa sababu ya ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya f/2.8 hupitisha mwanga mara nne ya ile ya f/5.6. Ukumbini, chini ya taa za rangi, tofauti hiyo ni kupiga kwa 1/250 badala ya 1/60, ISO ikiwa ileile. Bibi harusi akiingia anacheza na wapambe wake, 1/60 itakupa mikono na nyuso zilizofutika.

Wengi hujibu, “Lakini yangu ina mtambo wa kutuliza.” Mtambo huo hutuliza mkono wako wewe. Haumsimamishi anayecheza. Ndiyo maana kwa kazi ya ukumbini ningechukua 70-200mm f/2.8 ya zamani isiyo na mtambo huo kabla ya 70-300mm mpya iliyo nao. Vivyo hivyo kwa anayepiga mpira wa usiku chini ya taa za uwanja.

Jiandae kwa uzito, lakini. Canon 70-200mm f/2.8L IS II ina karibu kilo moja na nusu, na sherehe zetu haziishi mapema. Kama bei yake inakushinda, Tamron 70-200mm G2 ya mwaka 2017 ni mbadala wa kweli, kwa Canon na kwa Nikon pia.

Na mbugani? Milimita 300 zinatosha?

Inategemea mnyama. Fanya hesabu ndogo. Kwenye Nikon ya sensa ndogo, milimita 300 kwa umbali wa mita 50 zinakupa fremu yenye upana wa karibu mita nne. Simba wa mita mbili atajaza nusu yake, na hiyo ni picha nzuri. Lakini ndege wa sentimita 20 aliye mita 20 kutoka kwako atachukua sehemu moja tu ya nane ya upana. Mpenda ndege anahitaji 500 au 600: Nikon 200-500mm f/5.6, au 150-600mm za Sigma na Tamron. Hiyo Nikon ina kilo 2.3, kwa hiyo iegemeze kwenye mfuko wa maharage juu ya ukingo wa paa la gari, na mwombe dereva azime injini.

Kumbuka pia kwamba bonde la Ngorongoro halimruhusu dereva kuacha barabara. Kifaru akiwa mita 400, hata milimita 600 zitamwonyesha mdogo, na joto la mchana likianza kupanda kutoka ardhini hakuna lenzi ya bei yoyote itakayomnyoosha. Fika alfajiri.

Nimenunua lenzi ya Nikon, haifokasi yenyewe. Imeharibika?

Huenda ni nzima. Kamera za daraja la D3000 na D5000, kama D3500 na D5600, hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Zinahitaji lenzi yenye mota yake, yaani AF-S au AF-P. Lenzi za AF-D utazizungusha kwa mkono. Kinyume chake, AF-P haifokasi kabisa kwenye bodi za zamani kama D90.

Kile kipande cha kuongeza uvutaji mara mbili je?

Kiache. Hula hatua mbili za mwanga: f/5.6 inakuwa f/11, na DSLR nyingi hushindwa kufokasi. Tena vile vya Canon havifungiki kwenye 55-250mm.

Nikinunua iliyotumika nikague nini?

Fangasi kwanza, hasa ukinunua Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, kwenye unyevu. Fungua vifuniko vyote viwili, mulika tochi upande mmoja, tazama upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ondoka hata kama bei inavutia. Kisha ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, usikubali ya muuzaji. Ifokasi ikiwa imefupishwa na ikiwa imevutwa mwisho, na uzikuze picha kwenye skrini.

Canon na Nikon zimehamia kamera zisizo na kioo tangu 2018. Nitakuwa nimetupa pesa?

Hujatupa. Lenzi za Canon EF hufanya kazi vizuri kwenye bodi mpya za EOS R kwa adapta. Za Nikon zenye mota nazo hukubali kwenye bodi mpya za Nikon kupitia adapta ya FTZ. Na wanaohama ndio wanaouza lenzi zao, kwa hiyo huu ni wakati mzuri wa kununua. Kwa anayeanza, Canon 55-250mm IS STM au Nikon AF-P 70-300mm, na kwenye hiyo ya Nikon hakikisha umeona herufi VR, kwa sababu ipo pacha wake isiyo na mtambo wa kutuliza. Kwa anayekula kwa harusi, 70-200mm f/2.8 iliyotumika. Kabla ya kulipa, ikodi kwa kazi ya siku moja uone kama mkono wako unaikubali.