Kimya na Utulivu
Lugha yetu haichanganyi kimya na utulivu. Kimya ni kukosekana kwa sauti tu. Nao wahenga walionya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Shwari ni neno la bahari isiyo na mawimbi, lakini hata sisi wa Singida, tulio mbali na pwani, twasema hali ni shwari. Utulivu watokana na kutulia, na shina lake ni kutua, yaani kushusha mzigo. Basi mzazi akifoka, "Nyamaza!", mtoto hufumba kinywa, lakini mzigo wake ungali moyoni. Mzazi amepata kimya, utulivu hajaupata. Yafaa amwulize kwanza amebeba nini, kisha amsaidie kuutua.