Ubora, Usalama na Lishe: Tathmini ya Unga wa Mahindi

Utangulizi

Mnunuzi anapouliza, "Unga huu ni mzuri?" huwa ameuliza maswali matatu kwa mpigo. Je, unapendeza? Je, ni salama? Je, unaujenga mwili? Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa kila swali lina kipimo chake, na kwamba kuyachanganya kunaweza kugharimu maisha.

Ubora

Vipimo vya jadi ni jicho, pua, mkono na meno. Mkulima huitafuna punje. Ikivunjika kwa mlio, huridhika kuwa imekauka. Wengine hutia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, wakaitikisa na kuiacha itulie. Chumvi ikigandama chupani, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 hivi. Hata hivyo, kiwango rasmi kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Hivyo basi, mahindi yanaweza kufaulu mtihani wa chumvi na bado yasifae kuwekwa ghalani.

Usalama

Mnamo mwaka 2004, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, yaani aflatoksini. Sumu hii hutengenezwa na kuvu ambao hustawi katika nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Kuvu wenyewe huenda wakaonekana; sumu yao haionekani wala hainusiki, na moto wa kupikia ugali hauimalizi. Kisheria, sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Kadirio hilo halina jicho wala ulimi wa kulitambua. Ni kazi ya maabara.

Lishe

Wengi huuona unga mweupe kuwa ndio bora. Lakini punje ikikobolewa hupoteza wishwa na kiini, na pamoja navyo nyuzi, mafuta na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Mahindi ya manjano, ambayo baadhi yetu huyadharau kama chakula cha msaada, yana karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Meupe karibu hayana. Kwa sababu ya upungufu kama huu, tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imetaka unga wa mahindi unaofungwa viwandani uongezwe vitamini kadhaa, chuma na zinki. Protini ya mahindi nayo ina upungufu ambao maharagwe huufidia. Hiyo ndiyo hekima ya githeri.

Ila hapa pana mgongano. Sumukuvu hujikusanya zaidi katika wishwa na kiini. Kukoboa kunakopunguza lishe ndiko pia kunakopunguza sumu. Unga usiokobolewa hufaidi mwili iwapo tu mahindi yalikaushwa na kuhifadhiwa ipasavyo.

Hitimisho

Neno "bora" limebebeshwa mizigo mingi. Shuleni, "chakula bora" ni mlo kamili. Sokoni, "mahindi bora" ni yale makavu, safi, yasiyotobolewa na fukusi. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayeandika maelezo ya pakiti au tangazo la redio kwa mkulima hana budi kutaja waziwazi anachokisifu: sura, usalama au lishe. Msikilizaji akiambiwa tu kuwa mahindi ni "mazuri", atayapima kwa jicho, nalo jicho halikuiona sumu ya mwaka 2004.