Nyasi za Uwanja wa Michezo: Kazi Huanzia Ardhini

Masika yanapokwisha, viwanja vingi vya michezo hubaki na sura moja: pembezoni nyasi zimestawi, ilhali mbele ya magoli pana upara wa udongo mgumu kama sakafu. Mara nyingi lawama huangukia uhaba wa maji. Chanzo chenyewe, aghalabu, ni udongo ulioshindiliwa.

Udongo wenye afya una vitundu vidogo vinavyopitisha maji na hewa. Unapokanyagwa ungali umelowa, vitundu hivyo hubanwa; mizizi hukosa hewa, na maji hutiririka juu bila kupenya. Kwa hiyo mchezo mmoja juu ya uwanja uliojaa maji waweza kuharibu kazi ya miezi kadhaa. Msimamizi anayefunga uwanja baada ya mvua kubwa hawanyimi vijana mchezo. Anawahifadhia uwanja wa kesho.

Katika maeneo ya joto, ukoka ndio wa kutegemewa. Hueneza mashina juu ya ardhi na chini yake, hivyo huziba wenyewe sehemu zilizochunika, mradi upate jua la kutosha, kivulini hudhoofu. Aina iitwayo Tifway, iliyotolewa Georgia, Marekani, mwaka 1960, ni chotara wa ukoka wa kawaida na ukoka wa Afrika Kusini. Haizai mbegu ziotazo, hivyo hupandwa kwa vipande vya mashina. Ukoka wa kawaida nao hukubali kupandwa hivyo. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, nyasi za kikuyu hustahimili vema.

Maji nayo yana hesabu yake. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Uwanja wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Kuunywesha milimita 20 kwahitaji lita 142,800. Kwa gharama hiyo, ni heri kumwagilia kwa kina mara chache, alfajiri, kuliko kunyunyiza kidogo kila siku. Maji ya juujuu huifanya mizizi ibaki juujuu.

Katika kukata, kisiondolewe zaidi ya theluthi ya urefu, kwa kuwa jani ndilo jiko la mmea. Nyasi zinazotakiwa kubaki na sentimita 4 zikatwe zifikapo 6.

Penye upara, udongo utobolewe kwa uma wa bustani hadi sentimita 10, ujazwe mchanga na samadi iliyooza, kisha vipandwe vipande vya ukoka vyenye pingili mbili au zaidi. Wakati huo mazoezi yahamishiwe upande mwingine. Mbegu njema na mbolea ya thamani hazifui dafu mbele ya uwanja usiopewa siku ya kupumzika.