SOMO LA ARDHI: MATUTA YA MBULU NA MATUMAINI YA MKULIMA

Wananchi wa Unguja na Pemba wamekuwa wakisikia, mwaka hadi mwaka, habari za mabadiliko ya tabianchi, na wengi wao wamekwisha kuyaona kwa macho. Yako mabonde ya mpunga yaliyoingiliwa na maji ya chumvi huko Pemba, na wako kinamama wakulima wa mwani walioshuhudia mwani wenye bei nzuri ukifa katika maji mafupi kila joto la bahari linapozidi. Hofu iliyoingia nyoyoni ni ya haki. Lakini pamoja na hofu hiyo imeingia kauli nyingine, isikikayo mabarazani, kwamba jambo hili ni la mataifa makubwa yenye viwanda, na kwamba mkulima wa eka tatu hana la kufanya isipokuwa kusubiri. Somo la toleo hili limekusudiwa kuijibu kauli hiyo. Mfano wake umechukuliwa mbali na bahari, katika nyanda za juu za Mbulu, Mkoa wa Manyara, kwa sababu huko jibu limeandikwa juu ya ardhi yenyewe.

Endagikot ni mojawapo ya kata za Halmashauri ya Mji wa Mbulu. Wenyeji wa nchi hiyo ni Wairaqw, waitwao pia Wambulu, watu wenye lugha ya asili ya Kikushi, ambao kwao kilimo na ufugaji ni kazi moja isiyogawanyika. Ni nchi ya milima na baridi. Mvua hunyesha kati ya Novemba na Mei, kisha hufuata miezi mirefu ya ukame. Mashamba mengi yamelala juu ya miteremko, na mwenye shamba la mteremko ana adui mmoja anayemjua vizuri, nayo ni maji yaendayo kasi.

Inafaa msomaji afanye hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Eka moja ina zaidi ya mita za mraba 4,000. Basi mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kunyesha kwa siku moja, humwagia eka moja lita 200,000, yaani madebe 10,000 ya lita 20. Maji hayo yakizama ardhini, ni akiba ya mahindi, maharage na chemchemi ya jirani aliye chini. Yakiteremka, huchukua udongo wa juu wenye rutuba, hufungua korongo, na wiki mbili baadaye mwenye shamba hulalamika kwamba pana ukame. Mvua ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali maji yalikokwenda.

Hapa ndipo mabadiliko ya hali ya hewa yanapoingia. Hewa ikipata joto, uwezo wake wa kubeba unyevu huongezeka kwa kiasi cha asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba mwaka 2024 ulikuwa na joto la takriban nyuzi 1.55 juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900. Matokeo yake ni kwamba mvua kubwa huja kwa kishindo zaidi, na vipindi vya ukame hukausha ardhi kwa haraka zaidi. Kwa hiyo mteremko uliokuwa na dosari ndogo zamani, leo dosari hiyo huwa kubwa.

Wilaya ya Hanang, jirani ya kusini ya Mbulu, ilipata msiba tarehe 3 Disemba, 2023. Katika msimu wa mvua za El Niño, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka, na tope, mawe na magogo vikaufikia mji wa Katesh na vijiji vya mlimani. Watu zaidi ya 80 walifariki dunia. Itakuwa si uadilifu kumwambia mtu wa Katesh kwamba tuta la shambani lingezuia mlima kuanguka. Maporomoko ya namna hiyo yana dawa zake, nazo ni kuwahamisha watu mapema, kutojenga katika mikondo ya maji, na kuilinda misitu ya mlimani. Hata hivyo msiba ule uliwakumbusha wakaazi wote wa nyanda hizo kwamba maji yasiyopangiwa njia hujichagulia njia yenyewe.

Sasa tazama walichofanya wazee wa Mbulu. Katika kitovu cha nchi ya Wairaqw, upande wa Kainam, familia zililima miteremko ile ile kwa vizazi vingi bila ya kuiacha. Nyumba za zamani zilijengwa kwa kuchimbwa ndani ya mteremko, na ng'ombe walilala humo humo pamoja na watu. Asubuhi samadi ilichukuliwa, mara nyingi na kinamama, ikapelekwa shambani karibu na nyumba. Magugu hayakuchomwa moto, bali yalifukiwa katika matuta yaliyokatiza mteremko. Mabua yalilishwa mifugo. Mabonde yenye majimaji yalichimbiwa mitaro, yakawa malisho na mashamba ya viazi vitamu wakati wa kiangazi.

Kwa muda mrefu wataalamu walieleza kwamba kazi hiyo yote ilitokana na dhiki, kwamba Wairaqw walibanwa milimani na Wamasai wakalazimika kulima kwa taabu. Mwaka 2004 mtaalamu wa jiografia kutoka Sweden, Lowe Börjeson, alitoa kitabu cha utafiti kuhusu nyanda hizo, akayapinga maelezo hayo. Kwa maoni yake mandhari ile haikujengwa kwa amri wala kwa kampeni moja kubwa, bali iliongezeka kidogo kidogo kwa kazi ya kawaida ya kila msimu, hata ikawa rasilimali ambayo mwana aliirithi ikiwa bora kuliko ilivyokuwa kwa baba yake. Jambo hili lastahili kufikiriwa na kila asemaye kwamba kazi ya mtu mmoja haina uzito. Tuta la Mbulu lilianza likiwa jembe moja la udongo na mkono mmoja wa magugu.

Wala isidhaniwe kwamba ustadi huo uko katika damu. Wairaqw hao hao walipotoka Kainam katika karne ya 20, wakaenea Mbulu yote, Karatu na Hanang, walikuta ardhi tele, na wengi wakalima kwa wepesi zaidi na kuacha taabu ya mababu. Makorongo yakafunguka. Basi hata kwa mkaazi wa Endagikot leo, matuta si mila ya kujivunia tu. Ni kazi inayohitaji kufanywa upya kila mwaka, na shamba lisilofanyiwa husema lenyewe.

Serikali ya kikoloni ilijaribu njia ya amri. Huko Uluguru, Morogoro, wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi katika udongo mwembamba usiofaa kwa kazi hiyo. Mwezi wa Julai 1955 zikazuka ghasia, na mpango ule ukaachwa. Ni funzo kwa maafisa wa kilimo wa zama zote, kwani mkulima asiyeona faida yake katika mavuno hatachimba, na akichimba kwa hofu hatatengeneza tuta likibomoka.

Njia ya faida inayoonekana imejaribiwa magharibi ya Mbulu, chini katika bonde la Yaeda, wanakoishi Wahadzabe, ambao huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mwaka 2011 Wahadzabe walipewa hatimiliki ya kimila ya pamoja juu ya ardhi yao. Baada ya hapo misitu yao iliingizwa katika biashara ya hewa ya ukaa, ambapo walio mbali hulipia miti iliyoachwa isimame. Fedha hulipa walinzi wa msitu kutoka jamii yenyewe na husaidia matibabu na karo za watoto. Biashara hii ina wakosoaji wake, na bei ya soko hupanda na kushuka. Lililo wazi ni kwamba hati ilitangulia fedha, na bila ya haki ya ardhi isingelindwa hata mti mmoja.

Turudi shambani, kwani hilo ndilo lililo mikononi mwa wengi. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na udongo wa mashamba ya mikarafuu na mihogo huteremka hadi mabonde ya mpunga kama ulivyoteremka Mbulu. Kosa kubwa la mchimbaji wa tuta ni kukadiria usawa kwa macho. Tuta lililopinda hukusanya maji mahali pamoja, na likipasuka hudhuru kuliko kama lisingekuwapo. Dawa yake ni fremu ya herufi A, isiyogharimu kitu.

Miti miwili iliyonyooka, ya urefu wa mita 2, hufungwa pamoja kichwani. Mti wa tatu hufungwa kati ya miguu, kama ulivyo mstari wa katikati wa herufi hiyo. Kutoka kichwani hushushwa uzi wenye jiwe. Fremu husimamishwa juu ya vigingi viwili, na uzi unapogusa mti wa kati hutiwa alama. Kisha miguu hubadilishana vigingi, na alama ya pili hutiwa. Nusu ya njia baina ya alama hizo ndiyo alama ya usawa. Tangu hapo mpimaji huitembeza fremu kukatiza mteremko, akiusogeza mguu wa mbele juu au chini mpaka uzi utulie juu ya alama ya usawa, na kila hatua hupigilia kigingi. Mstari wa vigingi utapindapinda kufuata kilima, na wala haifai kuunyoosha.

Juu ya mstari huo huchimbwa mtaro wa upana na kina cha sentimita 60 hivi, na udongo hutupwa upande wa juu. Ndiyo maana wakulima wa Machakos, Kenya, ambako mtindo huu ulienea tangu miaka ya 1950, huuita fanya juu. Juu ya tuta hupandwa majani ya malisho yenye mizizi ya kushikana, kama majani ya tembo, ili ng'ombe apate chakula na tuta lipate nguvu. Mwaka hadi mwaka udongo unaozuiliwa hujaza nyuma ya tuta, na mteremko huanza kuwa ngazi wenyewe. Katika maeneo ya maweni ya Unguja, ambako jembe hugonga jiwe, mtaro hauwezekani. Huko mawe hupangwa mistari katika usawa huo huo, na shamba hufunikwa kwa majani makavu badala ya kuyachoma.

Kazi hii haitapoza dunia. Moshi wa nchi tajiri utahitaji kupunguzwa na nchi hizo, na wajumbe wa Tanzania wana haki ya kulidai hilo katika kila mkutano. Lakini waliosoma chuoni wanaijua hadithi ya Mtume (S.A.W.) juu ya mtu aliye na mche mkononi hali Kiyama kinasimama, mtu huyo hakuambiwa autupe.

Kwa visiwani, wakati mzuri wa kupima na kuchimba ni kipupwe, baada ya masika, udongo ukiwa bado laini na vuli haijafika. Anayekosa wakati huo anaweza kuchimba kiangazi, kabla ya Machi. Mwenye shamba azungumze kwanza na jirani yake, kwani tuta linaloishia mpakani humwaga maji yote katika shamba la pili. Wasipoelewana, sheha aombwe kuwakutanisha. Fremu moja hutosha mtaa mzima, na bwana shamba akiombwa kuja kuikagua, vigingi viwe vimekwisha kuchongwa.