Okteni Siyo Nguvu: Soma Kifuniko Kabla Hujalipa

Mwaka jana, nikiwa mwaka wa pili, nilitumia bumu langu kuinunulia gari mafuta ambayo haikuyahitaji. Naandika haya ili wewe unayeendesha gari la nyumbani, au uliyejichanga na washikaji mkanunua mkweche wenu, usije ukalipa ada niliyolipa mimi.

Gari lenyewe ni Vitz ya mama mdogo. Yeye anauza vitenge, na Jumatatu hadi Ijumaa Vitz ndiyo inayombebea mzigo wa sokoni. Wikiendi alikuwa ananiachia mimi kwa sharti moja: "Mafuta juu yako, na Jumatatu alfajiri nilikute hapa." Basi Jumamosi moja nimetoka kwenye foleni ya Ubungo, naanza kupanda kilima kuja chuoni, nikasikia injini inagonga: ta-ta-ta-ta, kama kokoto kwenye kopo. Mshikaji wangu akasema, "Hiyo inataka okteni kubwa. Jaza kwenye ile pampu ya bei juu, utaona inavyovuta." Nikajaza. Kweli, mlio ukapungua. Nikajiona fundi.

Sasa tuelewane kwanza okteni ni nini. Ndani ya silinda, pistoni inabana mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha plagi inatoa cheche. Moto unatakiwa usambae kwa mpangilio kutoka kwenye plagi hadi pembeni. Lakini mchanganyiko ukibanwa sana, au ukiwa na joto kupita kiasi, ile sehemu ambayo moto haujaifikia inajilipukia yenyewe. Ndiyo hiyo kugonga, na ikiendelea kwa muda mrefu inaweza kuua pistoni na gasketi.

Namba ya okteni inapima kitu kimoja tu: uwezo wa petroli kuvumilia mbano na joto bila kujilipukia. Isooktani imepewa 100, heptani imepewa 0. Petroli ya RON 95, ikipimwa kwenye injini ya majaribio, inavumilia sawa na mchanganyiko wa asilimia 95 za isooktani na 5 za heptani. Basi. Namba ikiwa kubwa haina maana kwamba lita ile ina nishati zaidi, wala kwamba ni safi zaidi. Petroli inavumilia, nguvu inatoka kwenye injini iliyotengenezwa kuutumia uvumilivu huo.

Ndiyo maana swali la "mafuta gani ni bora" halina jibu mpaka ujue gari gani. Magari mengi tunayoendesha huku yametumika kwanza Japani. Kule petroli ya kawaida ni RON 89 kwenda juu, na ile ya daraja la juu ni RON 96 kwenda juu. Vitz ya kawaida imetengenezwa kwa ile ya kwanza. Ukiipa ya bei juu utakuwa umemnunulia mtu koti la baridi wakati anaishi Tanga. Lakini Subaru Forester ya turbo ni habari nyingine, kwa sababu turbo inasukuma hewa nyingi ndani ya silinda na mbano unakuwa mkali. Ukiinyima okteni yake, sensa inasikia mgongo, kompyuta ya gari inachelewesha cheche, injini inajiokoa, lakini nguvu inashuka na mafuta yanaisha haraka. Hapo unachookoa kwenye pampu unakirudisha barabarani.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Fungua kifuniko cha tanki usome kibandiko, au soma kitabu cha gari. Kikiwa cha Kijapani, kipige picha na uache simu ikutafsirie.

2. Angalia namba ni ya kipimo gani. Marekani wanatumia wastani wa vipimo viwili, kwa hiyo 87 yao inakaribia RON 91 au 92. Usiilinganishe moja kwa moja na RON ya kwetu.

3. Jaza namba iliyotakiwa. Kuizidisha hakuharibu gari, kunaharibu mfuko. Kuipunguza ndiko kunakoumiza injini.

4. Kama gari linalotumia petroli ya kawaida limeanza kugonga, usikimbilie okteni. Tafuta ugonjwa.

Hilo la nne ndilo lililoniponza. Gari limekunywa mafuta ya kawaida miaka yote bila kelele. Kwa nini ligonge leo? Sikujiuliza. Kumbe feni ya rejeta ilikuwa imekufa, injini inachemka kila nikikaa kwenye foleni, na joto ndilo lililokuwa linaleta mgongo. Mafuta ya bei juu yalivumilia lile joto kidogo, mlio ukapungua, ugonjwa ukabaki palepale. Vitz ile haina mshale wa joto, ina taa tu. Wikiendi ya tatu, Jumapili jioni, taa nyekundu ikawaka. Nikasema nitafika tu. Nilifika, ila gasketi ya kichwa haikufika.

Fundi alipofungua alitikisa kichwa tu, akaniuliza, "Mlio ulianza lini?" Nikamwambia wiki tatu. "Ungekuja siku ile, ni feni tu."

Wiki mbili mama mdogo alipeleka vitenge sokoni kwa bodaboda na bajaji. Hakunigombeza. Alipokea hela yangu ya matengenezo, akaihesabu, akaniambia, "Mwanangu, gari likilalamika, lisikilize. Usilinyamazishe."

Siku hizi funguo ananipa tena. Kabla sijawasha nafungua boneti kwanza.