Kivumishi «bravo» cha Kihispania na «-kali» yetu

Katika zoezi moja la tafsiri, mwanafunzi alikutana na «toro bravo» akaandika «fahali shujaa». Kosa hilo lilipitia Kifaransa: aliona «brave», akatulia. Wengi wetu hapa Bunia tunaingia Kihispania kwa mlango wa Kifaransa, na mlango huo una kizingiti.

«Bravo» haianzi na ushujaa. Wataalamu wengi wa asili ya maneno huirudisha kwenye «barbarus» ya Kilatini, yaani mtu wa nje, asiyestaarabika. Ndiyo sababu «toro bravo» ni fahali mkali, wa ukoo unaofugwa kwa mapigano ya uwanjani. «Patatas bravas» ni viazi vya kukaanga vyenye mchuzi mkali. Pwani ya Katalunya yenye miamba mingi iliitwa «Costa Brava» na mwandishi wa habari Ferran Agulló mwaka 1908. Katika nchi kadhaa za Amerika ya Kilatini, «está bravo» ni kusema tu kwamba mtu amekasirika. Maana ya ujasiri ipo, ila kwa mazungumzo ya kawaida «valiente» huonekana zaidi.

Basi «-kali» inafaa? Kwa mbwa, fahali na pilipili, ndiyo. Lakini kisu kikali ni «afilado», jua kali ni «fuerte», mwalimu mkali ni «estricto» au «severo». Na bahari ikiwa «brava», Kiswahili husema imechafuka.

Upatanisho hautusumbui: «bravo, brava, bravos, bravas» ni mchezo mdogo kwa mtu aliyezoea mkali, kikali, makali. Kinachosumbua ni vitenzi. «Es bravo» ni tabia yake. «Está bravo» ni hali ya sasa. Kiswahili sanifu hutenganisha kwa kubadili neno: ni mkali, amekasirika. Mtaani Bunia tunasema «iko mukali» kwa yote mawili, na msikilizaji anajua kwa kuangalia uso wa msemaji.

Uso huo haumo kwenye karatasi. Mashahidi kutoka Ituri walisikilizwa kwa Kiswahili huko The Hague, katika kesi ya Thomas Lubanga iliyotolewa hukumu tarehe 14 Machi 2012. Tuchukue sentensi ya kubuni: «kamanda alikuwa mukali». Mkalimani achague nini? «Sévère» ni mtu wa nidhamu; «cruel» ni mtesaji; «en colère» ni hasira ya siku moja; «brave» ni karibu sifa. Neno moja, kamanda wanne. Kwa maoni yangu, mkalimani asiyejua ni yupi hana haki ya kuchagua; aombe ruhusa ya kumuuliza shahidi. Na Kifaransa chenyewe kina mtego wake: «un homme brave» ni jasiri, «un brave homme» ni mtu mwema tu, pengine mwoga kabisa.

Zoezi. Tafsiri kwa Kiswahili sanifu, kisha kwa Kiswahili cha Bunia: «El perro es bravo.» «La abuela está brava.» «El lago está bravo hoy.» Hiyo ya tatu ifikirie kama mvuvi wa Tchomia anayetazama Ziwa Albert kabla ya kusukuma mtumbwi.